Safari ya Tanga na Hedi Iliyoungua

Tangu nirudi, kila anayepita gereji ananiuliza ilikuwaje huko Tanga, na kila mmoja nimempa kipande chake. Matokeo yake mmeanza kusimuliana wenyewe, na nimesikia katika moja ya hadithi hizo kwamba nilikamatwa na polisi. Sikukamatwa. Nimeona niandike yote mara moja. Habari za kutafuta tiketi na nyumba ya wageni naziacha, hazina utamu.

Kwa wale ambao hawakuwepo, mambo yalianza hivi. Gari la mashindano la Bwana Nassoro, ambalo mdogo wangu Idi ndiye dereva wake, lilichemsha kwa mara ya tatu. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ya kwanza iko mbele, karibu na rejeta, na ya sita iko nyuma kabisa, karibu na dereva. Mara zote tatu gasketi, ile pakiti nyembamba inayozuia maji na moto visivuje, iliungua pale pale, kwenye silinda ya sita. Bwana Nassoro hakufoka. Alisema tu, "Fundi, nakupa wiki mbili. Likichemsha tena, gari linakwenda Dar, na huko lina fundi wake na dereva wake."

Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa nimemwambia Idi nyumbani, tukiwa wawili, kwamba anakanyaga kupita kiasi. Mara hii nilimwambia mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa pale gereji: "Mguu wako ndio unaoua injini hii." Alifuta mikono kwa kitambaa, akakitundika kwenye msumari, akaondoka. Tunaishi nyumba moja. Tangu siku hiyo nilikuwa napata kwake shikamoo ya asubuhi na hakuna zaidi.

Mimi ndiye wa kwanza katika watatu. Baba alitangulia, na mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Nikakunja sare, nikaenda kushika spana. Idi alikuwa darasa la tatu, Mwanahawa hajaanza shule. Kwa hiyo tangu zamani neno langu nyumbani halina wa kulibishia. Nililipenda jambo hilo bila kulifikiria sana.

Bagamoyo hadi Msata

Niliambiwa yupo fundi mkereza vyuma Tanga, mwanamke, anayejua kurekebisha njia za maji ndani ya hedi za injini za mbio. Hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda. Hii yetu ni ya aluminiamu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na uzito wake ni kama nusu mfuko wa saruji. Uso wake wa chini lazima uwe umenyooka kabisa, ukigongwa kidogo tu umeharibika. Nilikataa kuiweka kwenye buti la basi. Nikaipakata.

Mwanahawa ndiye aliyeifunga. Nilikuwa nimeiosha kwa petroli, naye hakutaka nichafue suruali ya safari, hivyo alitafuta shuka la zamani jeupe, akaliviringisha vizuri, akafunga kichwani na miguuni kwa vipande vya kitambaa kile kile. Nikaona kazi safi. Idi alikuwa anakunywa chai uani. Aliniangalia natoka na mzigo ule, akafungua mdomo, akaufunga.

Basi lilitushusha Msata kabla ya adhuhuri. Hapo inabidi usubiri mabasi yanayotoka Chalinze kwenda Tanga, na siku hiyo kila lililopita lilikuwa limejaa. Nilisubiri muda wa karibu saa tatu. Lakini sikusimama hata dakika tano, maana watu waliokuwa kwenye benchi la kibanda cha chakula waliinuka wote wakaniachia. Mzee mmoja alivua kofia. Nikajisemea, watu wa Msata wana adabu.

Akaja dada mmoja, mwenye umri kama wangu, abiria naye, amejifunga leso mbili.

"Pole sana, kaka," akasema.

"Nimeshapoa, dada."

"Ndiyo wa kwanza?"

Nilidhani anauliza kama ndiyo mara ya kwanza kuharibika. "Hapana," nikasema. "Hii ni mara ya tatu."

Aliweka kiganja mdomoni. Akaenda kwa mama muuza chakula, wakanong'ona, na nikaletewa ugali na mbuzi wa kuchemsha ambao sikuagiza. Nilipotaka kulipa, mama muuza akasema, "Kula tu, mwanangu. Leo siyo siku yako ya kulipa." Nikala. Nyama ilikuwa laini na mchuzi una ndimu. Nasema kweli, nilifurahi.

Msata hadi Segera

Basi lilipopatikana, yule dada alikaa kando yangu. Konda akapita kukagua tiketi, akasimama juu yetu, akashusha sauti.

"Bosi, samahani. Unakwenda kumzika wapi?"

Hapo ndipo nilipouona mzigo wangu kwa macho yao. Shuka jeupe, limefungwa juu na chini, urefu ule, na mimi nimeukumbatia tangu asubuhi kwa hofu usigongwe.

Nilifungua fundo la upande mmoja nikamwonyesha chuma. "Ni hedi," nikasema. "Ya gari."

Konda akacheka mpaka akashika kiti. Habari ikasafiri viti vyote hadi kwa dereva. "Kumbe msiba wa gasketi!" akasema mmoja wa nyuma. Mwingine akauliza kama marehemu ameacha spea. Nikacheka nao, maana ningefanyaje.

Yule dada hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani, mapori ya Mandera yanapita.

"Mimi nimekuombea dua tangu Msata," akasema.

"Nisamehe, dada yangu. Sikuelewa."

"Wangu walikuwa wawili. Uliposema watatu, nikasema huyu amenizidi."

Nilisema tu, "Mungu awape pumziko," naye akaitikia amina. Baadaye alifungua mkoba wake akatoa leso ya kijani iliyochakaa, akanipa. "Ufunge na hii. Usiwape watu mshtuko kama ulionipa mimi." Akanisaidia kuufunga, mzigo ukiwa mapajani mwangu, na akauliza una shida gani hata niupakate hivyo. Nikamweleza, gari, wiki mbili, na mdogo wangu anayekanyaga.

"Yeye anasemaje?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mdogo wako."

"Hajasema kitu."

"Ulimwuliza?"

Nikamwambia mimi ni fundi, nimeona kilichoungua. Akasema, "Haya." Alishuka Segera, akanitakia safari njema, na sikumwuliza hata jina. Muheza tulipita jua linaelekea kuzama. Nikanunua machungwa dirishani, nikala matatu mfululizo, swali lake bado liko nami.

Tanga

Kesho yake asubuhi nilimfikia yule fundi, anaitwa Mama Shani. Karakana yake iko barabara za ndani, nyumba ya zamani yenye bati refu. Ni mama wa makamo, anavaa koti la buluu juu ya dera, na miwani anaifunga kwa uzi. Kazi alijifunza kwenye karakana ya shamba la mkonge, alikoanza kama mfagiaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo. Taratibu, siyo gunia la mkaa."

Akaifungua leso, akaigeuza hedi, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Niseme kidogo jinsi maji yanavyopita, ili mwelewe alichokiona. Pampu iko mbele ya injini. Inasukuma maji chini, yanazunguka silinda, kisha yanapanda kwenye hedi kupitia matundu madogo madogo, halafu yanatoka mbele kurudi kwenye rejeta kupoa. Mimi, gari lilipoingia gerejini kwetu, kabla halijachemsha hata mara moja, nilichukua drili nikayapanua matundu yote. Nilidhani maji yakiwa mengi, baridi itakuwa nyingi.

"Nani katoboa hivi?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili maji yapite, mama."

"Yamepita. Yamepanda hapa kwenye tundu la kwanza, yameona mlango uko karibu, yakaenda zake. Wewe ungekuwa maji ungejisumbua kwenda mpaka nyuma kule?" Akapitisha kidole kwenye njia za mbele, zilikuwa nyeupe, safi. Akakipeleka nyuma, kwenye silinda ya sita. Huko kulikuwa na magamba ya kahawia, magumu kama ya birika lililochemshiwa maji ya chumvi miaka mingi. "Hapa maji yamesimama yakachemka. Na themostati iko wapi?"

Nikamwambia tuliing'oa.

"Watu wa Bagamoyo," akasema. "Mnaing'oa kama jino bovu."

Nikamjibu kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha wengine, kwamba kwenye joto letu haina kazi, hiyo ni ya nchi za theluji. Mama Shani alivua miwani. Akanieleza, bila haraka, kwamba kwenye injini ile themostati inafanya kazi mbili. Injini ikipata moto inafungua njia ya rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila hata kuiona rejeta. Nimekuwa fundi miaka kumi na mitano. Nimeng'oa themostati nisizoweza kuzihesabu, na wenye magari walinishukuru.

"Lakini dereva naye," nikasema. "Anakanyaga sana."

"Imeungua mara ngapi?"

"Tatu."

"Silinda zipi?"

"Ya sita."

"Mara zote?"

"Mara zote."

"Dereva akikanyaga, anazikanyagia zote sita, mwanangu. Mguu haujui kuchagua silinda."

Akarudisha miwani akaanza kupima. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi hicho. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeliona, na mimi sikuliona, kwa sababu tayari nilikuwa na mtu wa kumlaumu, tena mtu asiyenijibu.

Kazi ilipaswa kuchukua siku moja. Umeme ukakatika saa nne asubuhi, ukarudi alasiri, ukakatika tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Mama Shani alikuwa anakaa kando ya mashine yake kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Tulikula mbaazi za nazi na mandazi asubuhi, mchana wali kwa samaki aliotuletea jirani yake, na katikati ya hapo ananitania kuhusu mafundi wa Bagamoyo. Umeme ukija, tunaruka. Matundu ya mbele aliyaziba kwa vizibo vya aluminiamu, akayatoboa upya, madogo. Ya katikati akayafanya makubwa kidogo, ya nyuma akayaacha makubwa kabisa. Kisha akatoboa kisogo cha hedi, nyuma ya silinda ya sita, akachonga ndani yake nyuzi kama za skrubu, za kufungia bomba. "Hapa maji ya nyuma yanapata mlango wake," akasema. "Bomba lipeleke juu ya rejeta. Yasilazimike kurudi mbele kupiga foleni."

Drili ile ya mwisho ilipoingia nilisogea mpaka begani kwa Mama Shani. Hedi ilikuwa imeshasawazishwa uso mara mbili, haikuwa na ziada. Kama ingepasuka, Idi amekwisha. Haikupasuka.

Nilimpigia Idi siku ya pili. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu Mwanahawa. Neno lilinifika mdomoni nikalirudisha. Nilimtia aibu mbele za watu, na kumwomba radhi sikioni, kwa simu, niliona ni kukwepa.

Pangani na Mkwaja

Kurudi nilipata nafasi kwenye lori dogo la Chande, dereva anayepeleka nazi Bagamoyo kwa njia ya pwani. Chande huongea tangu anawasha gari. Tulisubiri kuvuka Mto Pangani hadi chai ya pili ikapoa, na muda huo nikawa nimejua ndoa zake zote. Ng'ambo, sehemu barabara ni mpya na laini, sehemu bado ni kifusi. Karibu na Mkwaja mshale wa joto ukapanda na mvuke ukatoka.

"Mzigo mzito," akasema Chande. "Na yule tingo wangu aliyebaki Tanga, jana kapakia nazi vibaya."

Nikainua boneti. "Themostati ipo?"

"Themostati ya nini pwani hii, fundi?"

Alilisema kwa sauti yangu kabisa. Tuliteremka kuomba maji kijijini. Mama mmoja alitupa ndoo mbili, na mihogo ya kukaanga tukiwa tunasubiri injini ipoe. Nikamweleza Chande yote, njia ya mkato na kila kitu, nikichora mchangani kwa kijiti. Alisikiliza, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Inaingia akilini," akasema. "Lakini tingo naye kapakia vibaya."

Sikubishana. Tulikaa pale zaidi ya saa moja, na nilikuwa natafuta jinsi ya kuanza maneno kwa mtu niliyemlea. Mimi ndiye niliyemfundisha kuomba radhi. Mwenyewe sikuwa na mazoezi.

Nyumbani

Niliingia Bagamoyo asubuhi ya siku iliyofuata, nikaenda moja kwa moja gereji. Watu walewale walikuwepo, wengine wenu mlikuwepo. Idi alikuwa chini ya gari la mteja. Nikamwita, akatoka. Nikaweka hedi juu ya meza, nikamwonyesha tundu moja baada ya jingine, yale yangu yaliyozibwa, kisha yale mapya. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo wote mngesikia, "Haukuwa mguu wako. Ilikuwa drili yangu. Nisamehe, mdogo wangu."

Nilidhani atasema yameisha. Ndivyo mdogo anavyomjibu mkubwa wake.

"Mara zile tatu ulizoniambia," akasema Idi, "mimi nilikubali."

"Najua."

"Hujui, kaka. Nilikubali kweli. Tangu ile ya kwanza, kila kona nanyanyua mguu. Injini ikipandisha sauti tu, nanyanyua. Bwana Nassoro anadhani naogopa kona. Kona siziogopi. Nakuogopa wewe."

Akachukua spana. "Tufunge," akasema. Tukafunga siku mbili, yeye upande wake, mimi upande wangu, na themostati mpya ndani.

Bwana Nassoro alikuja kuona majaribio, barabara ya vumbi ya mashambani, upande wa ndani wa Kerege. Idi alikimbiza gari mpaka jua likawa kali. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Nikagusa bomba la nyuma kwa kitambaa, lilikuwa la moto sawasawa na la mbele. Bwana Nassoro alitazama saa yake ya kupimia mbio, akakunja uso.

"Injini imepona, fundi," akasema. "Sasa dereva ndiye simwelewi. Kila kona anaachia."

"Hilo nalo ni langu," nikamwambia. "Niachie mpaka mwisho wa msimu."

Alifikiri, akakubali. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Basi mkituona Jumapili baada ya alasiri tunaelekea Kerege, ndiyo kazi hiyo. Nakaa kiti cha kushoto, nafunga mkanda. Wala simwelekezi, kwa sababu nilishaongea vya kutosha miaka yote. Kona inapokuja nasikia injini inapanda, na naona goti lake linainuka kidogo bila yeye kutaka, halafu anakumbuka, analishusha. Mwanzoni lilikuwa linainuka kila kona. Jumapili iliyopita, kwenda na kurudi, liliinuka mara mbili tu, na ya pili aliniangalia kwanza. Mimi nilikuwa natazama barabara.